Sikio la Kushoto la Clermont wa Adjutor

Jumamosi moja ya Februari 1979, katikati ya kipande cha dakika ishirini na mbili, shemeji yangu Clermont Desbiens alimgeukia mpiga kinanda wetu akamkazia macho kama mtu aliyetukanwa kanisani. Tulikuwa mjini Alma, katika jimbo la Quebec, kwenye ukumbi wa shule ya sekondari, watu mia nne wameketi sakafuni na makoti yao mapajani. Mimi nilikuwa nyuma ya ukumbi kwenye mitambo ya sauti. Nilimwona akiinama, akalegeza uzi mmoja wa gitaa lake la besi, kisha mwingine, kisha zote nne, huku akiendelea kupiga. Alikuwa anatoka jasho kama mtu wa tanuruni.

Kundi letu liliitwa Verglas, kwa jina la ile mvua inayoganda ikigusa kitu. Tulipiga roki ya safari ndefu, yenye hesabu za mapigo saba na kumi na moja, ambayo hakuna mtu aliyewahi kufanikiwa kuicheza kwa miguu. Gervais Potvin, mpiga kinanda, ndiye aliyetunga kila kitu. Jukwaani alikaa kulia kwa Clermont, na spika ya besi ilisimama kushoto. Hilo nalitaja kwa sababu lina maana.

Onyesho lilipokwisha, Clermont alimfuata Gervais hadi kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

"Gervais, kinanda chako kimeshuka."

"Kimeshuka wapi? Kwenye ngazi?"

"Sauti, bwana. Nimelazimika kulegeza nyuzi ili nikufuate."

"Kinanda cha umeme hakishuki. Besi yako ndiyo ilikuwa chini kama pishi la viazi la mama yangu. Umekunywa?"

"Sijagusa hata bia."

"Basi kanywe, labda itapanda."

Mpiga dramu alicheka mpaka akashika ukuta. Clermont hakucheka. Njia nzima ya kurudi kwetu Jonquière alitazama theluji dirishani.

Jumatatu alikuja kwangu kusikiliza kaseti ya onyesho. Mchana nilikuwa fundi wa televisheni, na chini ya nyumba yangu nilikuwa nimejenga chumba kidogo cha kurekodia. Alivaa vipokea sauti vya masikioni, akasikiliza. Akavigeuza, cha kushoto kikawa kulia. Akasikiliza tena. Kisha akavivua polepole, akaviweka mezani kama mayai, akaniomba kahawa. 

"Gervais alisema kweli," akasema. "Ni mimi."

Sikumwelewa. Nilidhani anakiri kosa la kawaida. Baada ya mwaka mzima na zaidi ndipo aliponiambia alichokigundua siku ile: sikio lake la kulia lilisikia noti moja, la kushoto likasikia noti hiyohiyo ikiwa juu zaidi, kama watu wawili wanaobishana kichwani mwake. Na lile la kushoto lilikuwa limeanza kupoteza sauti za chini. Sauti za besi.

Kuielewa hofu yake ni lazima kumjua baba yake. Huku kwetu Saguenay majina ya ukoo ni machache kuliko watu, kwa hiyo mtu huitwa kwa jina la babake, na Clermont alikuwa Clermont wa Adjutor. Mzee Adjutor alifanya kazi miaka thelathini na minne katika kiwanda cha alumini, akatoka kiziwi kama gogo. Mezani alikaa kwenye kiti chake cha kubembea, wengine wakicheka naye akacheka, akichelewa kidogo. Watoto waliligeuza mchezo. Walimuuliza kwa sura ya upole, "Baba, eti nyumba inaungua?" Naye akajibu, "Ndiyo, ndiyo, tamu sana." Aliyeubuni mchezo huo ni Clermont mwenyewe, akiwa na miaka tisa.

Machi ile, Jumapili mchana, dada yangu Huguette, mke wa Clermont, alikuwa ametoa jikoni sinia la nyama ya kusaga, mahindi na viazi vya kuponda. Clermont aliinuka kwenda kuchukua chupa ya sosi ya nyanya. Huguette aliniambia hakumwona akianguka kama watu wanavyoanguka. Alishuka wima, kama mtu aliyekatwa magoti. Akakumbatia mguu wa meza akifumba macho, akisema nyumba inazunguka, akitapika. Sikioni mwake kulikuwa na ngurumo kama maji ya bwawa la Shipshaw wanapofungua milango. Alishikilia mguu ule kwa muda wa saa nne.

Huguette alimnusa mdomo. Halikuwa jambo la ajabu, nami ningemnusa.

Dada yangu alikuwa na saluni, na mteja mmoja alikuwa amechungulia mlangoni siku ile na kumwona Clermont chini ya meza. Kufikia Jumanne mji mzima ulijua kwamba Clermont wa Adjutor ameangukia chupa. Huguette alitaka kwenda nyumba hadi nyumba kukanusha. Clermont akamzuia.

"Waache."

"Niwaache wakuite mlevi?"

"Mlevi huitwa kupiga muziki, Huguette. Umewahi kuona kiziwi akiitwa?"

Mwezi wa nne walikwenda kwa daktari wa masikio mjini Quebec, Huguette akiendesha, kwa kuwa Clermont aliogopa kushikwa na kizunguzungu kwenye ile barabara inayopita Hifadhi ya misitu, misonobari mitupu kwa kilomita mia mbili. Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema ni ugonjwa wa sikio la ndani, sikio la kushoto halitarudi, na maanguko yatakuja yatakapotaka.

"Na hili la kulia?" Clermont akauliza.

"Kwa baadhi ya watu, ugonjwa huhamia la pili."

"Lini?"

"Mwezi ujao. Miaka thelathini ijayo. Au hauhamii. Sina jibu, bwana. Punguza chumvi."

Walipofika garini Huguette alipiga usukani kwa kiganja. "Tabenakulo!" alitukana kwa tusi la kwetu, yeye ambaye mama yetu alimlea asitaje chombo cha altare nje ya kanisa. "Kilomita mia mbili kuja kuambiwa habari ya chumvi!" Kisha akaona mumewe analia, akawasha gari.

Tangu siku ile Clermont aliishi roho mkononi. Alilala kwa ubavu wa kushoto, sikio la kulia juu, na akiamka jambo la kwanza lilikuwa kutafuta sauti: tanuru ya kupasha nyumba joto ikinguruma chini, jirani akikwangua kioo cha gari. Asubuhi moja tanuru ilikuwa imezima yenyewe na nje kumetulia. Alipiga ukelele. Huguette alimkuta ameketi kitandani akijipiga makofi karibu na sikio, pa, pa, pa, macho yamemtoka. Nami wakati huo sikujua lolote, kwa maana alimwapisha dada yangu asimwambie mtu, hata mimi.

Julai alialikwa kupiga besi kwenye harusi ya binamu yetu huko Hébertville, kwa kuwa mpigaji wao alivunjika mkono. Hapo ndipo alipokutana na Phydime Girard, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa mwenye miaka sitini na minane, mpiga fidla. Msije mkamdhania mzee wa busara. Phydime alikuwa mwizi wa karata, alijipaka mafuta ya nywele kama mwigizaji wa sinema, na alimdharau kila mtu aliyezaliwa ng'ambo ya lile ziwa la kwao. Lakini alipopiga fidla alikaa kitini na kugonga ubao wa mti wa mbetula kwa miguu yote miwili, kisigino na vidole, na mgongo wake ulibaki umenyooka kama mlango.

Katikati ya harusi ngurumo ilianza sikioni mwa Clermont. Hakuweza kusikia mdundo. Alisogea kidogo, akaukanyaga mwisho wa ubao ule kwa bahati tu, na mdundo ukampanda miguuni hadi kwenye mifupa ya kiuno.

Phydime alimtazama miguuni. "Wewe kijana wa mjini, ama panda ama shuka. Na hivyo viatu vivue, umevaa mashua mbili."

Clermont akavua viatu. Akapiga akiwa na soksi tu mpaka bibi harusi alipoondoka.

Kuanzia hapo kila Jumapili baada ya misa alikwenda shambani kwa Phydime. Walipiga zile nyimbo za dansi za wazee, Clermont akizitia besi yake ya ajabu chini, na Phydime akilalamika. "Unapita njia ya msituni na barabara iko hapa!" Lakini Jumapili iliyofuata ndiye aliyepiga simu kwanza.

Gervais alikuwa amepata ziara ya Ubelgiji na Ufaransa, wiki saba, vuli ileile. Clermont alifikiria ndege, jukwaa la juu, watu wageni, na mwili wake ukishuka wima mbele yao. Akakataa, bila kutoa sababu. Ugomvi ulitokea kwangu, tukiwa kwenye mazoezi.

"Miaka minane nimekubeba," Gervais alisema. "Leo mlango umefunguka, unaniambia hapana, hapana tupu?"

"Tafuta mtu mwingine."

"Ni kweli basi wanayosema watu. Ama chupa, ama yule mkama ng'ombe wako."

"Usimtaje Phydime."

"Sema basi ni nini! Nitazame, Clermont! Mbona unageuza kichwa ninapozungumza?"

Alikuwa anageuza sikio la kulia. Gervais akaona ni dharau, akachukua kofia yake akaondoka. Walikaa mwaka na nusu hawasalimiani, na wote wawili wakinunua mkate duka moja.

Mwishoni mwa 1980, majira ya baridi, Clermont akaniambia anataka kurekodi albamu yake mwenyewe. Nilishangaa. Mtu huyu hakuwahi kuleta hata wimbo mmoja mazoezini. Sasa alileta vipande saba, vimeandikwa kwa penseli, na kila tulipofika mwisho wa kimoja alitaka kuanza kingine papo hapo. Nikimwambia tupumzike, tufanye kesho, uso ulimbadilika.

"Kesho ya nani?" alisema. "Washa, shemeji. Washa tu."

Phydime alikuja na ubao wake umefungwa kwenye mgongo wa gari la kukokotwa na pikipiki ya theluji. Tuliuweka sakafuni na vinasa sauti viwili. Kipande kirefu kuliko vyote kilikuwa na hesabu ya kumi na moja, na Phydime, ambaye hakusoma noti wala hakutaka, alikipiga bila kukosea huku akisema, "Huyu ni ng'ombe mwenye mguu wa ziada, basi. Anatembea vilevile."

Ikaja kazi ya kusawazisha sauti, kupanga kipi kiende kushoto na kipi kulia. Siku nzima nilikaa na Clermont mbele ya spika mbili. Kila nilipouliza, alijibu bila kusita.

"Fidla imezidi kushoto?"

"Iko sawa."

"Na ubao?"

"Sawa, shemeji. Vizuri sana."

Karibu na saa kumi jioni niliinama kuokota penseli nikaona waya umechomoka. 

"Clermont," nikasema, "spika ya kushoto haijatoa sauti tangu asubuhi."

Nilipoinuka alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono yote miwili, na nilimwona mzee Adjutor ameketi kwangu, taya lile, tabasamu lile la kuchelewa. Naye alijua nimemwona.

"Usimwambie Gervais," akasema. "Usimwambie mtu yeyote. Wakijua wataanza kunisemesha kwa sauti kubwa na polepole. Nilimfanyia baba yangu, najua."

Alinieleza yote. Mimi niliyejidai fundi wa sauti nilikuwa nimekaa kando ya mtu huyu karibu miaka miwili na sikuona kitu.

Huguette ndiye aliyetatua jambo. Alishuka ngazi na sweta lake la saluni bado lina nywele za watu, akakaa kushoto kwa mumewe. Dada yangu aliuchukia muziki wetu. "Hata mbwa hawezi kuutikisia mkia," alikuwa akisema.

"Mimi nitasikiliza upande huu," alisema. "Sijui kitu, lakini kinachonikera nitasema."

"Kila kitu kinakukera," Clermont akamwambia.

"Ndiyo maana nafaa."

Walikaa hivyo kwa jumla ya jioni kumi na mbili, kila mara kabla ya chakula. "Hapo fidla inanikwaruza." "Hapo kuna kitu kinazomea." Nilipochunguza, mara nyingi alikuwa sahihi. Albamu tuliiita *Ubao*. Kwenye jalada Clermont aliandika kwamba upande wa kushoto umesikilizwa na Huguette Maltais, kwa jina la ukoo wetu, na watu wakadhani ni mzaha wa wanamuziki.

Uzinduzi ulikuwa Jumapili ya Mei 1981, saa nane mchana, kwenye ukumbi wa chini ya kanisa letu. Walikuja watu mia mbili hivi, nusu mashabiki wenye nywele ndefu, nusu jamaa za Phydime waliovaa nguo za misa. Saa moja kabla, Clermont alinivuta nyuma ya pazia. Alikuwa mweupe kama unga.

"Imeanza," alisema. "Sikio limejaa. Inakuja."

"Tuahirishe."

"Nikiahirisha leo sitapanda tena. Najijua."

Alipanda. Aliketi chini kabisa, kwenye ubao penyewe, mgongo kwenye mguu wa kiti cha Phydime, miguu bila viatu. Alichukua kipaza sauti.

"Nikianguka," akawaambia watu, "sijalewa. Ni sikio."

Kisha sauti ya mwanamke mmoja ikatoka nyuma, "Clermont wa Adjutor, unaanguka wapi tena na umeshakaa chini?" Watu wakacheka, naye akacheka, na kwa mara hii hakuchelewa.

Vipande viwili vilikwenda vizuri. Katika cha tatu nilimwona vidole vikisimama. Aliweka gitaa pembeni kwa uangalifu, akalala kifudifudi juu ya ubao akiushika kingo kama mtu aliye juu ya paa. Watu wa mbele waliinuka. Phydime hakusimama. Aliendelea kugonga na kupiga fidla juu ya kichwa chake, wimbo baada ya wimbo, akiwakemea jamaa zake kwa macho wakae. Huguette alileta ndoo na taulo. Sijawahi kuogopa hivyo. Nilidhani anakufa mbele yetu.

Hapo nikamwona Gervais. Sikujua kwamba yupo. Alipanda jukwaani na koti lake, akazunguka hadi upande wa kulia, akalala chini kwenye mbao zenye vumbi, uso kwa uso na Clermont. Vinasa sauti vilikuwa wazi, nikasikia yote kwenye vipokea sauti vyangu.

"Kwa nini hukuniambia, mjinga wewe?"

"Niliogopa."

"Kuniogopa mimi?"

"Kusemwa. Kuonewa huruma. Kila kitu, Gervais. Naogopa hata sasa hivi. Usinitikise."

"Sikutikisi. Mimi nilidhani unanichukia."

"Nilikuchukia kidogo."

"Haya. Hiyo ni haki yako."

Alikaa naye pale chini dakika arobaini, mpaka ukumbi ulipoacha kuzunguka machoni pa Clermont.

*Ubao* haikupigwa redioni ila mara chache, usiku kwenye vipindi visivyosikilizwa. Wachache walioipenda waliipenda sana, na barua zilitoka mpaka Italia. Verglas ilivunjika mwaka uleule kwa sababu nyingine, hasa kwa kuwa vijana walianza kutaka nyimbo za dakika tatu. Clermont na Phydime walipiga pamoja hadi mzee alipofariki mwaka 1987. Na Gervais walitengeneza albamu ndogo ya besi na kinanda cha bomba, ndani ya kanisa, Clermont ameketi juu ya sanduku la upepo la kinanda ili sauti za chini zimwingie mwilini.

Maanguko yalipungua yenyewe, kama yalivyokuja yenyewe, na sikio la kushoto likafa kabisa. La kulia lilibaki. Lakini hofu haikupungua. Januari 1988 aliamka hasikii kitu. Tanuru ilikuwa inawaka. Aliiwekea mkono akahisi mtikisiko, wala hakusikia. 

Niliwapeleka Quebec mimi, kwa barabara ile ya Hifadhi, theluji ikipeperuka mbele ya taa. Clermont alikaa nyuma. Hakulia. Alikuwa anamtazama Huguette mdomo, akijifunza tayari kusoma midomo. Huguette alimwandikia kwenye karatasi ya saluni: *Niko hapa*. Clermont akaikunja akaitia mfukoni mwa shati lake.

Daktari, mwingine, kijana, alimwangalia sikioni muda mrefu. Akachukua bomba la maji ya uvuguvugu, akasukuma mara mbili, na kwenye beseni likaanguka donge jeusi la nta, kubwa kama zabibu kavu.

"Ni hilo tu," akasema.

Clermont alisikia "ni hilo tu." Akamwomba arudie. Akarudia. Akamwomba tena, na daktari akanitazama mimi kama anayeuliza kama mgonjwa huyu yuko sawa. Huguette alicheka, kisha kicheko kikamgeukia, akaketi kwenye kiti cha wagonjwa akilia kwa sauti, na Clermont akasimama mbele yake ameinamisha kichwa, sikio la kulia karibu na uso wake, akisikiliza.